Kilichomuua Siyad

Siyad Dekow alizikwa saa nne asubuhi na watu wasiomjua. Walikuwa sita, wamevaa mavazi meupe ya plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni, na walifanya kazi yao upesi kwa sababu jua la Garissa lilikuwa likiwapika ndani ya nguo zile. Mdogo wake, Deeq, alisimama mbali pamoja na imamu na wanaume wawili wa ukoo. Walimsalia kutoka hapo hapo walipokuwa. Mwili haukuoshwa. Imamu alisema kwamba katika dharura kama ile, kumtayamamia juu ya mfuko wa maiti kunatosha, na hakuna aliyebishana naye.

Nyumbani, mke wa Siyad, Weris, alikuwa ametandika mikeka mitatu uani, akingoja wanawake waje. Binti yao Hinda, aliyekuwa nyumbani tangu shule zifungwe mwezi wa Machi, alichemsha chai ya maziwa ya ngamia, birika mbili kubwa. Adhuhuri ilipita. Alasiri simu ililia. Alikuwa Sahra, jirani yao kwa miaka kumi na miwili, ambaye ua wake ulitenganishwa na wa Weris kwa mabati tu.

"Weris abaayo, dada yangu, Mungu amrehemu," alisema Sahra, na Weris akaisikia sauti hiyo mara mbili, kwenye simu na kupitia mabatini.

"Amiin. Karibu, abaayo. Chai iko tayari."

Sahra alijibu, "Nitakuja. Ngoja kwanza mambo yatulie."

Hinda alikunja mikeka miwili, akaacha mmoja.

Siku ya tatu Abdimalik alipiga simu. Yeye ndiye aliyemtibu Siyad katika Kituo cha Afya cha Geedweyn. Hakuwa daktari kamili, lakini watu wote walimwita daktari kwa sababu hawakuwa na mwingine wa karibu.

"Majibu yametoka Nairobi, eeddo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima. "Ni Korona. Nyinyi wawili kaeni ndani siku kumi na nne. Mtu asiingie, msitoke."

"Mtu asiingie," Weris alirudia. Alitaka kumwambia kwamba amri hiyo watu walikwisha kuitii kabla haijatolewa, lakini akasema tu, "Haya, mwanangu."

* * *

Weris aliuza maziwa ya ngamia. Kaka yake aliyekuwa na mifugo upande wa Bura alimletea madumu kila asubuhi kwa gari la mizigo, na wateja walikuja mlangoni na vyombo vyao. Wiki ile hakuja hata mmoja. Maziwa yaliganda, yakachacha, na Hinda akayamwaga nyuma ya choo. Siku ya nne Weris alimwambia kaka yake asilete tena.

Muuza maji wa mkokoteni wa punda, ambaye kwa kawaida aliingia hadi jikoni na kujaza pipa mwenyewe, sasa alisimama barabarani. Alimtaka Hinda aweke madumu yake nje ya lango kisha arudi ndani na kufunga. Alipomaliza kumimina, aliyasukuma kwa mguu. Hinda aliyaona hayo yote kupitia tundu la lango. Hakumwambia mama yake. Mama yake naye alikuwa ameyaona kutoka dirishani, na hakumwambia Hinda.

Hinda alipoteza uwezo wa kunusa kwa siku kadhaa, kisha ukarudi. Weris hakuumwa chochote. Alikaa na nguo zake nyeupe za eda, akijua kwamba kwa miezi minne na siku kumi hapaswi kutoka nyumbani ila kwa haja kubwa, na kwamba mjane wa kawaida huifanya eda hiyo akiwa katikati ya watu. Kuna anayempikia, kuna anayelala naye chumbani, kuna anayemkemea alie taratibu. Yeye alilia vyovyote alivyotaka. Hakuna aliyemkemea.

* * *

Siku ya kumi na tano baada ya simu ya Abdimalik, Deeq alikuja. Hakuketi. Alisimama karibu na lango, barakoa imemshuka hadi kidevuni.

"Dumaashi, shemeji yangu, pole. Najua tumekuacha."

"Mlikatazwa."

"Tulikatazwa, ndiyo." Aliangalia chini. "Watoto wangu wanaitwa watoto wa Korona. Jana mwanamke mmoja aliwafukuza dukani na fagio. Wazee nao wanataka tumfanyie Siyad tanzia yake, wamsomee, achinjiwe. Lakini wanasema watu hawatakuja karatasi ikiwa vile."

"Karatasi gani?"

"Ya kifo. Bado iko mezani kwa Abdimalik, haijaenda kwa msajili. Siyad alikuwa na sukari, sivyo? Basi iandikwe sukari. Watu nitawaambia vipimo vilitoka safi."

Weris alitazama mkeka. Aliwaza jinsi ua ule ulivyojaa alipokufa mama mkwe wake, jinsi wanawake walivyolazimika kuketi hadi barabarani. Hinda, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, alimtazama mama yake akingoja aseme hapana.

"Abdimalik atakubali?" aliuliza Weris.

"Abdimalik ni mtoto wetu."

"Basi fanya," alisema.

Abdimalik hakukubali mara moja. Alimwonyesha Deeq fomu yenyewe. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kilichomuua mtu moja kwa moja, na hapo alikuwa ameandika kushindwa kupumua. Mstari wa pili ulikuwa wa kilicholeta hicho cha kwanza: Korona. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya magonjwa mengine aliyokuwa nayo marehemu: kisukari.

"Kwa hiyo sukari alikuwa nayo au hakuwa nayo?" aliuliza Deeq.

"Alikuwa nayo, adeer, ami yangu. Miaka tisa. Lakini aliishi nayo miaka tisa yote hiyo."

"Basi nimekuomba uandike uongo gani? Ya chini ipande juu. Hilo tu."

Mwezi ule Abdimalik alikuwa ameandika neno Korona mara nne. Kila alipoliandika, watu walikwenda nyumbani kwa mama yake. Mara ya mwisho hawakwenda kulalamika. Waliacha tu kumsalimia sokoni, na mama akarudi na kikapu kitupu, akamuuliza mwanawe kama kazi hiyo ndiyo aliyomsomeshea. Abdimalik alifungua droo, akatoa fomu mpya. Aliijaza bila kuketi.

* * *

Deeq aliipiga picha karatasi ile akaituma katika makundi yote ya simu ya ukoo. Kesho yake kabla ya adhuhuri ua wa Weris ulijaa.

Walikuja na mchele, sukari, mafuta, mikeka yao. Mbuzi wawili walichinjwa. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wakala kwa masinia, mikono sita katika sinia moja. Alio, mume wa Sahra, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyegawa nyama. Sahra alimleta hata mama yake mzazi, akamkalisha karibu na Weris, akamwomba Weris radhi mbele ya watu wote. "Nilikuogopa bure, abaayo. Nisamehe." Wakalia wote wawili, na wanawake wengine wakalia kwa kuwaona.

Aliyemkaa Weris moyoni kuliko wote alikuwa Eeddo Hawo, shangazi yake Siyad, kikongwe mwenye mikono mikavu kama ngozi ya kuswalia. Tanzia ilipokwisha siku ya tatu na watu kuondoka, yeye alibaki. Alilala chumbani kwa Weris wiki nzima. Alimlazimisha kula. Alimsimulia utoto wa Siyad, jinsi alivyompanda mbuzi beberu akaangushwa, na Weris akacheka kwa mara ya kwanza, akaziba mdomo kwa aibu.

"Cheka," alisema Eeddo Hawo. "Yeye alikuwa kichekesho."

Alikuwa na kikohozi kidogo. Alisema ni vumbi.

Alirudi kwake siku ya Ijumaa. Jumatano iliyofuata akafa. Naibu wa chifu alipokwenda kuandika, aliuliza umri wake. Wakamwambia themanini na kitu. Akaandika uzee, akawapa kibali cha mazishi, akala tende mbili akaondoka. Hakuna aliyemdanganya, wala yeye hakumdanganya mtu. Eeddo Hawo alioshwa na wanawake saba.

Weris alipoletewa habari hizo aliuliza swali moja tu. "Alikuwa anapumua vipi?"

"Kama mzee anavyopumua," aliambiwa.

* * *

Siku mbili baadaye Sahra aliingia jikoni kwa Weris bila kubisha hodi, akaketi juu ya dumu.

"Alio ana homa siku ya tano sasa. Anakohoa. Nimemwambia twende Geedweyn, amekataa. Zungumza naye, labda wewe atakusikia."

"Anakataa kwa nini?"

"Anasema, Siyad alikohoa hivi hivi. Wakamfungia kule peke yake, wakamzika kama mzoga, na kumbe alikuwa na sukari tu. Anasema, 'Mimi sukari sina. Nikienda watanitia hofu bure.' Anakunywa tangawizi." Sahra alijaribu kutabasamu. "Mwanamume ana kichwa kigumu kama vyuma vyake."

Hinda alikuwa akiosha vikombe. Aliacha kuosha.

Weris alijua kwamba akinyamaza, Sahra ataendelea kuketi pale juu ya dumu kila siku, na mlango utaendelea kufunguliwa bila hodi. Wateja walikuwa wameanza kurudi. Asubuhi ile ile kaka yake alikuwa ameleta madumu mawili.

"Sahra," alisema. "Haikuwa sukari."

"Nini?"

"Siyad. Majibu yalitoka Nairobi siku ya tatu. Ilikuwa Korona. Deeq alikwenda wakabadilisha karatasi. Mimi nilikubali."

Sahra hakupiga kelele. Alisimama polepole, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nilikuomba radhi," alisema. "Mbele ya watu. Nilimleta mama yangu. Alikula hapa siku tatu."

"Najua."

"Ulinikumbatia!"

"Sahra, ugonjwa humu ndani ulikuwa umekwisha, wallahi. Lakini sijui nani alikuja na wake. Tungejua, tusingekusanyika. Mpeleke Alio leo."

"Hatanisikia. Atasema karatasi aliiona kwa macho yake kwenye simu."

Weris alivuta shali yake nyeupe, akaifunga vizuri kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe alitoka nje ya lango. Watu wawili waliokuwa barabarani walimwona mjane aliye edani akitembea, wakasimama kumtazama.

Alio alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba kivulini. Weris alisimama hatua kadhaa mbali naye.

"Alio, karatasi ile si ya kweli. Nitakwambia Siyad alikufa vipi, kisha ukitaka unywe tangawizi yako. Siku ya kwanza alisema ni mafua. Siku ya tatu akakataa kwenda hospitali, kama wewe. Siku ya tano hakuweza kusoma Fatiha bila kupumzika katikati. Siku ya sita alikuwa akinitazama tu, anafungua mdomo kama samaki. Tulipompeleka, Abdimalik alisema, mbona mmechelewa." Alivuta pumzi. "Isome Fatiha, Alio. Kwa sauti, nikusikie."

Alio alimtazama mkewe, akaanza. Aya ya tatu ilimshinda. Alifumba macho, na machozi yakamtoka kwenye pembe za macho yakaingia masikioni.

"Leteni gari," alisema.

* * *

Habari zilizagaa kabla jua halijazama. Deeq alipiga simu.

"Umetuvua nguo, dumaashi. Watu wanasema tumemuua Hawo. Wanasema mimi nimemuua shangazi yangu!"

"Tumemuua pamoja, Deeq," alisema Weris. "Au hatukumuua. Sijui. Hakuna aliyempima."

"Usiniite tena," alisema Deeq, na simu ikakatika.

Wiki iliyofuata Weris alikwenda na Hinda kwenye ofisi ya msajili wa vizazi na vifo. Karani alikuwa mtu wa bara, mwanamume mwenye miwani. Weris hakumwachia Hinda amsemee. Alitumia Kiswahili chake cha sokoni, chenye lafudhi ya Kisomali.

"Mimi nataka karatasi ya bwana yangu irekebishwe," alisema. "Imeandikwa sukari. Si sukari. Yeye alikohoa fibaya, akakosa bumzi. Ni Korona."

Karani aliinua miwani. "Mama, umesema unataka *kuondoa* Korona?"

"Hapana. Rudisha."

"Kurudisha?" Karani aliwatazama mama na binti kwa zamu. "Mimi hapa naombwa kila siku. Andika presha, andika malaria, andika ajali ukitaka. Hajawahi kuja mtu kuniambia niirudishe."

"Sasa amekuja."

Karani alisema yeye hawezi kugusa chochote bila barua ya aliyejaza fomu ya kwanza. Wakatembea hadi Geedweyn. Abdimalik aliwapokea nje, chini ya paa la bati, akiwa mwembamba kuliko Weris alivyomkumbuka.

"Nikiandika barua hiyo, eeddo, nitakuwa nimekiri kwamba ile ya kwanza niliighushi," alisema. "Naweza kupoteza kazi."

"Najua. Mimi nimepoteza watu." Weris hakusema kwa hasira. "Hawo mlimwandika nini?"

"Hakuletwa hapa. Ameandikwa uzee."

"Kwa hiyo hayumo katika hesabu ya wagonjwa hawa?"

"Hayumo."

"Na wengine kama yeye?"

Abdimalik alitazama lango, ambako mzee mmoja alikuwa akishushwa kutoka kwenye pikipiki, ameshikiliwa pande mbili. "Hakuna anayejua," alisema. "Kila jioni wakubwa wangu wananiuliza wangapi, nawaambia ninaowajua. Kwa karatasi zetu, mji huu hauna ugonjwa."

Alikwenda kumpokea mzee yule. Weris na Hinda walingoja kwenye benchi kwa karibu saa mbili. Aliporudi alikuwa na barua mkononi, imepigwa muhuri. Hakumpa Weris, alimpa Hinda.

"Uisome kabla hamjaondoka," alimwambia. "Uhakikishe nimeandika sawa."

Hinda aliisoma taratibu. Mstari wa kwanza, mstari wa pili, wa chini. Kisha akakunja barua, akasema, "Ni sawa."

* * *

Alio alikaa siku kumi na moja kwenye oksijeni, akarudi nyumbani anatembea kwa fimbo. Alituma salamu kwa Weris kupitia mtu wa tatu. Sahra hakuja. Mama yake hakuugua, lakini Sahra hakuja, na siku walipokutana macho kwa bahati langoni aliitikia salamu kama anavyoitikiwa mpita njia. Wateja wa maziwa walipungua wakabaki watatu, wote wageni wa mji. Abdimalik alihamishwa kwenda Banissa, mbali huko mpakani. Wengine walisema ni adhabu, wengine wakasema aliomba mwenyewe.

Barua waliyompelekea msajili ilichukua muda kufika Nairobi, kwa wanaohesabu vifo vya Korona. Ulikuwa mwisho wa Septemba, eda ya Weris imebakiza wiki chache. Hinda alikuwa amewasha redio ndogo ya marehemu baba yake ili asikilize kama shule zitafunguliwa. Msomaji wa habari alitaja idadi ya waliopimwa, kisha ya waliopona. Kisha akasema kwamba katika waliofariki wameongezwa wachache wa miezi iliyopita, waliopatikana katika ukaguzi wa rekodi. Akazitaja kaunti moja moja kwa haraka.

"Garissa, mmoja," alisema, akaendelea na Kitui.

Hinda alizima redio. "Mama. Ni Baba huyo?"

"Ni yeye," alisema Weris. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Aliisema kama inavyosemwa habari inapoingia mara ya kwanza, kabla mtu hajajua aweke wapi mikono yake. Nje, muadhini alianza kuadhini alasiri. Hinda alikuwa ameshaichukua simu ya mama yake kutoka dirishani.

"Tumwambie nani?" aliuliza.

Weris alifikiri. Alipitisha majina kichwani, moja baada ya jingine, na kila alipofika kwa mtu aliona uso wake ukigeuka.

"Weka simu," alisema. Alisogea kwenye mkeka akaacha nafasi. "Njoo ukae."